Kivuli cha mita moja: kupima mizunguko miwili ya Dunia ukiwa Mombasa

Mapema Novemba jua huchwa Mombasa kama saa 12:13 jioni. Kufika siku za kati za Februari, linachwa saa 12:43. Jioni imesogea nusu saa, na ajabu ni kwamba mchana wa Novemba na ule wa Februari una urefu ule ule, kama saa 12 na dakika 15. Asubuhi nayo imesogea pamoja: jua lililokuwa likichomoza saa 11:57 sasa linachomoza saa 12:28. Mchana mzima umehama kwenye saa bila kurefuka wala kufupika. Maelezo ya darasani kwamba mhimili wa Dunia umeinama na ndiyo maana kuna misimu hayatoshi kueleza jambo hili.

Mombasa ni mahali pazuri mno pa kulichunguza. Mji uko digrii 4 na dakika 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana: saa 11 na dakika 53 mwezi Juni, saa 12 na dakika 21 mwezi Desemba. Tofauti ya mwaka mzima ni dakika 28 tu. London, ambako mchana wa Juni unauzidi wa Desemba kwa zaidi ya saa 8, athari ndogo ya umbo la njia ya Dunia inamezwa na misimu. Hapa kwetu iko wazi, na inapimika kwa chuma kimoja na chaki. (Saa zote humu ni za Kiswahili: saa 6:21 mchana ndiyo 12:21 kwenye simu.)

Vifaa

Unahitaji chuma laini cha mviringo, unene milimita 10, urefu kidogo zaidi ya mita 1, na bamba la chuma la sentimita 20 kwa 20 lenye unene wa milimita 6. Fundi wa kuchomelea atakuunganishia, chuma kikisimama katikati kabisa ya bamba. Mwambie akukatie sehemu iliyonyooka, maana vyuma vingi hukunjwa wakati wa kusafirishwa, na kupinda kidogo ambako jicho halioni kunaharibu kipimo. Piga rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Hewa ya chumvi haisubiri.

Juu ya chuma chomeka mpira wa ping-pong wa milimita 40, kisha uusogeze mpaka katikati ya mpira iwe sentimita 100 kutoka sakafuni, halafu ugandishe kwa gundi. Mpira huu ndio siri ya kipimo chote. Jua si nukta. Upana wake angani ni nusu digrii na ushee, kwa hiyo ncha ya fimbo tupu inatoa kivuli chenye ukungu wa kama milimita 9, na watu wawili wataiweka alama mahali pawili. Mpira unatoa kivuli cha mviringo chenye kiini cheusi, na katikati ya mviringo ni rahisi kuipata. Plastiki hupauka na kupasuka juani, basi kwa kazi ya mwaka mzima ni bora mpira wa mbao wa ukubwa huo huo uliochongwa kwa mashine.

Vingine: timazi, pimamaji, tepu ya chuma, uzi wa kujengea usiovutika, chaki, penseli, rangi ya mafuta na brashi ndogo. Kata pia duara la karatasi ngumu lenye kipenyo cha milimita 30 na ulitoboe katikati kwa sindano.

Mahali na kusimamisha

Tafuta eneo la mita 1.5 kwa 1.5 lenye jua bila kizuizi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 mchana. Juu ya slabu panafaa, ila angalia matangi ya maji na kuta za jirani. Mji wa Kale nyumba zimebanana, na ukuta ambao hauleti kivuli Juni unaweza kukiziba kipimo Desemba, jua linapokuwa upande wa kusini. Slabu nyingi zimemwagwa na mteremko wa kupitisha maji ya mvua. Sentimita 1 kwa kila mita 1 inasogeza alama kwa milimita chache, kwa hiyo ukiwa na pahali tambarare zaidi, pachague hapo.

Weka bamba chini, kisha hakikisha chuma kimesimama wima kwa timazi kutoka pande mbili zinazofanya pembe mraba. Palipoinama tia kabari za bati jembamba chini ya bamba. Usiridhike na upande mmoja. Kuinama kwa digrii 1 kunasogeza kivuli milimita 17, ambayo mwezi Machi ni sawa na mwendo wa jua wa siku mbili na nusu, au dakika 4 za saa. Upepo wa Kusi ukiyumbisha timazi, itumbukize ndani ya ndoo ya maji, nayo itatulia. Mwisho, chora pembe nne za bamba kwa rangi ya mafuta ili ukiliondoa ulirudishe pale pale.

Jua lenyewe usilitazame kwa macho. Kazi yote iko sakafuni.

Siku ya kwanza: Dunia inavyojizungusha

Anza saa 4:30 asubuhi. Kila baada ya dakika 15 weka karatasi ya duara katikati ya kiini cheusi, chovya penseli kwenye tundu, andika saa kando ya alama. Utaona alama zikitambaa kutoka magharibi kwenda mashariki. Hapo ni sakafu inayohama, si jua: Dunia inageuka digrii 15 kwa saa, yaani digrii 1 kila dakika 4, na ardhi ya Mombasa inabebwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Karibu na adhuhuri ya Juni alama inakwenda milimita 4.5 hivi kwa dakika. Ukitulia unaiona ikisogea.

Sasa pata mstari wa kaskazi-kusini. Kosa la kawaida ni kungoja kivuli kifupi kuliko vyote na kusema hapo ndipo adhuhuri. Mwezi Juni, dakika 10 kabla au baada ya adhuhuri, kivuli kimezidi ufupi wake kwa milimita 2 hadi 3 tu. Hutaiona tofauti hiyo. Njia ya kuaminika ni ya duara:

Asubuhi, kama saa 4:50, pima umbali kutoka chuma hadi katikati ya kivuli. Tarehe 21 Juni utapata karibu sentimita 72. Funga uzi wa urefu huo kwenye chuma, chora duara kwa chaki, andika saa. Kivuli kitaingia ndani ya duara, kitafupika, kisha mchana kitarefuka na kuligusa tena upande wa pili. Andika saa hiyo pia. Tuseme asubuhi ilikuwa saa 4:50 na mchana saa 7:56. Tofauti ni saa 3 na dakika 6. Nusu yake saa 1 na dakika 33. Ongeza kwenye saa 4:50, unapata saa 6:23. Hiyo ndiyo adhuhuri ya jua ya siku hiyo.

Unganisha zile nukta mbili za kwenye duara kwa uzi. Mstari huo ni wa mashariki-magharibi. Mstari unaoukata kwa pembe mraba na kupita kwenye chuma ndio wa kaskazi-kusini. Upige rangi, utautumia mwaka mzima. Fanya maduara mawili au matatu ya ukubwa tofauti kwa siku moja, kwa sababu wingu likipita saa 7:56 kamili umepoteza duara hilo. Na dira usiiamini juu ya slabu, nondo zilizo ndani ya zege zinauvuta mshale.

Kwa nini saa 6:23 na si saa 6 kamili? Saa ya Kenya imepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu. Mombasa iko digrii 39 na dakika 40. Tumepungukiwa digrii 5 na dakika 20, na kila digrii ni dakika 4 za saa, kwa hiyo kwa wastani jua linafika juu yetu saa 6:21. Dakika mbili zilizobaki zinatokana na ule mwendo usio sawa tulioanza nao, tutaufikia.

Kuna uhakiki mmoja mzuri sana wa mstari wako. Makka iko longitudo digrii 39 na dakika 50, karibu sawa kabisa na Mombasa, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazi, kikienda mashariki kwa theluthi moja tu ya digrii. Tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27, jua liko utosini mwa Alkaaba. Saudia na Kenya zinatumia saa moja, basi hakuna haja ya kubadilisha hesabu. Dakika hiyo kivuli cha chuma chako, urefu wa kama sentimita 48, kinaipa Alkaaba mgongo. Kikilalia mstari wako wa rangi, umeupiga vizuri.

Wiki na miezi: Dunia inavyolizunguka Jua

Mara moja kwa wiki, katikati ya kivuli inapovuka mstari wa kaskazi-kusini, weka alama na tarehe. Usijali kuruka wiki. Wakati wa Masika, Aprili na Mei, mawingu yatakunyima nyingi.

Tarehe 21 Juni kivuli cha adhuhuri kinaanguka kusini, sentimita 52. Kinafupika taratibu hadi mapema Oktoba, kinatoweka, kisha kinatokea upande wa kaskazi na kurefuka mpaka sentimita 35 tarehe 21 Desemba. Halafu kinarudi. Safari nzima kwenye mstari wako ni sentimita 87. Juni na Desemba alama zinasongamana, wiki kwa wiki hazitofautiani sana. Machi na Septemba zinaruka milimita 7 hivi kila siku.

Sababu ni mhimili. Umeinama digrii 23.44, na Dunia inapolizunguka Jua mhimili huo hauyumbi, unaelekea upande ule ule wa anga mwaka mzima. Juni ncha ya kaskazi imelielekea Jua, Desemba ncha ya kusini. Ukichukua digrii 23.44 ukajumlisha 4.05 za latitudo yetu unapata 27.49, ambayo ndiyo umbali wa jua kutoka utosini tarehe 21 Juni. Tanjenti yake, yaani urefu wa kivuli kwa kila mita 1 ya chuma, ni 0.52. Desemba unatoa badala ya kujumlisha: 19.39, tanjenti 0.35. Ukipata sentimita 54 badala ya 52, usilaumu hesabu. Pima upya urefu wa chuma na wima wake.

Jua la utosini linatufika mara mbili kwa mwaka, takriban tarehe 10 Machi na 3 Oktoba. Siku hizo mbili jiandae mapema, dakika ni chache. Machi saa ya kungoja ni 6:31 hadi 6:32, Oktoba ni 6:10. Dakika 4 kabla kivuli kiko milimita 17 kutoka kitovuni, na dakika 4 baadaye kimeshavuka upande wa pili. Kivuli cha mpira kinaanguka juu ya bamba na kukizunguka chuma kama pete. Pete ikiwa sawa pande zote, jua liko juu ya utosi wako kamili.

Kwa wanaofuata madhehebu ya Shafii, vipimo hivi vina matumizi ya kila siku. Adhuhuri inaingia jua likishapinduka, na Alasiri inaingia kivuli kinapofikia urefu wa kitu chenyewe ukijumlisha kivuli cha adhuhuri. Kwa chuma cha mita 1 ni sentimita 152 tarehe 21 Juni, 135 tarehe 21 Desemba, na 100 tu siku ya jua la utosini.

Wengi hudhani kuna baridi Julai kwa sababu Dunia iko mbali na Jua. Ni kweli iko mbali: kilomita milioni 152.1 mapema Julai, dhidi ya milioni 147.1 mapema Januari. Lakini Julai hiyo hiyo Ulaya wanaungua. Tofauti ya umbali ni kama asilimia 3 tu, haitoshi kupanga misimu. Kinachotupoza ni jua kuwa upande wa kaskazi na Kusi kuvuma juu ya bahari iliyopoa. Hata jua la utosini halileti joto sawa mara zote mbili: Machi bahari imeshapata moto wa miezi yote ya Kaskazi, Oktoba ndiyo kwanza inatoka kwenye Kusi.

Umbo la nane

Hapa ndipo palipo na utamu. Weka kengele ya simu ilie saa 6:21 mchana, si kwa adhuhuri ya jua bali kwa saa ile ile siku zote, na kila wiki weka alama ya rangi nyingine mahali kivuli kilipo. Ungetarajia alama zote zilalie mstari. Hazitalalia. Tarehe 11 Februari hivi alama itakuwa sentimita 6 magharibi mwa mstari, kwa sababu jua limechelewa na litafika kati saa 6:35. Tarehe 3 Novemba itakuwa sentimita 7 mashariki. Jua limeshapita tangu saa 6:05. Mwisho wa mwaka utakuwa na umbo la nane sakafuni, kitanzi kikubwa upande wa kaskazi na kidogo upande wa kusini, vikikatana kama sentimita 23 kusini mwa chuma kwa alama za katikati ya Aprili na mwisho wa Agosti.

Dunia inageuka mzunguko mmoja kamili kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Lakini wakati inageuka imeshasogea karibu digrii 1 kwenye njia yake, kwa hiyo inabidi igeuke zaidi kidogo, kama dakika 4, ndipo Mombasa ilitazame Jua tena. Jumla ni saa 24. Ila hicho kidogo cha kuongeza hakilingani kila siku. Januari Dunia iko karibu na Jua na inakwenda kilomita 30.3 kwa sekunde. Julai inakwenda 29.3. Ikienda kasi, inadai nyongeza kubwa zaidi. Juu ya hilo kuna mwinamo: Machi na Septemba sehemu ya mwendo wa jua angani inapotelea kwenye kupanda au kushuka, Juni na Desemba mwendo wote ni wa kuelekea mashariki. Mwishoni mwa Desemba sababu zote mbili zinavuta upande mmoja, na siku ya jua, adhuhuri hadi adhuhuri, inazidi saa 24 kwa sekunde 30. Katikati ya Septemba inapungua kwa sekunde 21.

Sekunde hizo hakuna anayezihisi, lakini zinalimbikizana. Kuanzia mapema Novemba hadi katikati ya Februari zinafika dakika 30 na ushee, na ndizo zinazousukuma wakati wetu wa jua kuchwa kutoka saa 12:13 hadi 12:43.

Usiku: zile dakika 4

Pigilia msumari ukutani kwenye kimo cha jicho lako, egemeza shavu hapo, na uchague nyota inayojificha nyuma ya ukingo wa jengo lililo mbali. Andika saa inayopotea hadi nusu dakika. Kesho yake itapotea dakika 4 mapema, baada ya usiku 7 dakika 27 au 28, baada ya mwezi kama saa 2. Usichague inayong'aa kuliko zote bila kuthibitisha, huenda ni sayari, Zuhura au Mshtarii, nazo zina mwendo wao. Jengo likiwa karibu, kusogeza kichwa sentimita 1 kunaharibu kipimo. Mita 50 au zaidi ni salama.

Kwa sababu ya dakika hizo Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kinatuonekania kwa zamu. Mwishoni mwa Aprili kinazama magharibi punde baada ya jua, kinamezwa na mwanga, na mwezi Juni kinachomoza mashariki alfajiri. Wahenga walishaona: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Ukiendelea mwaka wa pili

Andika mwaka kwenye kila alama, kwa sababu mwaka wa jua si siku 365 kamili bali 365.2422. Hiyo robo ndiyo iliyoleta 29 Februari, na kwa kuwa haitimii robo kamili, ilibidi kalenda irekebishwe mwaka 1582. Mwaka 2100 hautakuwa na siku hiyo. Hesabu ya Nairuzi ya mabaharia na wakulima wa Pwani, ya miongo ya siku kumi kumi, ina siku 365 bila nyongeza, kwa hiyo inaachana na misimu kwa siku 1 kila miaka 4. Mwaka wa Hijria, siku 354 au 355, hauufuati mzunguko huu hata kidogo, na ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka.

Kwenye sakafu yako robo siku ya mwezi Machi ni chini ya milimita 2. Alama ya adhuhuri ya 10 Machi 2027 itakuwa kiasi hicho kaskazi mwa ile ya 2026, na hutaipambanua. Tarehe 10 Machi 2028, siku 366 zikiwa zimepita kwa ajili ya 29 Februari, alama itaruka kusini milimita 5. Hiyo inapimika, mradi bamba halijasogezwa na mpira ungali kwenye sentimita 100. Alama za kulinganisha moja kwa moja ni zile zilizoachana miaka minne: 2026 na 2030, 2027 na 2031.